Waya mpya wa kizimba cha kuku waweza kuleta maradhi nyumbani

BARUA iliyonifikia hivi majuzi kutoka kwa msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ilikuwa na maswali yaliyonigusa, nami nimeona heri niyajibu hapa ukurasani badala ya kumwandikia yeye peke yake. Nyumba nyingi mjini siku hizi zina kizimba cha ndege nyuma ya jikoni, juu ya paa au hata kwenye roshani ya ghorofa, na wengi wamekijenga kwa mikono yao wenyewe.

Bwana huyu alinunua waya mpya unaong'aa katika duka la vifaa vya ujenzi, akaukata mwenyewe, kisha akamwita fundi wa jua kali aje amchomelee fremu pale pale uani. Kufikia jioni kizimba kilikuwa tayari na majirani wanakisifu. Usiku huo fundi alishikwa na homa kali na kutetemeka, akameza dawa za malaria. Siku ya tatu binti wa mwenye barua, mtoto wa miaka sita, alichomwa kiganja na ncha ya waya alipokuwa akiokota yai. Na kabla ya mwezi kwisha, kuku wanne kati ya kumi na mmoja walikuwa wamekonda, wanatembea kama walevi, na kinyesi chao kimekuwa cha kijani. Alidhani ni kideri, lakini kuku wote walikuwa wamechanjwa. Daktari wa mifugo alipompasua mmoja aliyekufa, alikuta vipande saba vya waya ndani ya firigisi.

"Je, daktari," anauliza, "ni waya huu mmoja ulioleta haya yote? Nibomoe kizimba? Na mayai tuyale au tuyatupe?"

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, ingawa kila mmoja aliumia kwa njia yake. Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo, kwa hivyo kwa upande wa kuku nimemsumbua rafiki yangu aliyesomea kazi hiyo. Tuanze na hao kuku.

KOTI LA ZINKI

Waya wa kuku, hata uwe wa bei gani, kwa ndani ni chuma. Chuma kikiachwa uchi mvuani hushika kutu, ndiposa kiwandani huvikwa koti la zinki, madini yale yale yanayofunika mabati ya nyumba zetu. Waya huzamishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi, na ukitoka unang'aa kama fedha.

Zinki yenyewe si sumu ya kutajwa kwa kunong'ona. Mwili wa binadamu unaihitaji. Mama yeyote aliyempeleka mtoto wa kuhara kliniki anavijua vidonge vyake: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyepita miezi sita, muda wa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya ORS. Shida huja kipimo kinapozidi, na kipande cha waya katika tumbo la ndege mwenye uzito wa kilo moja na nusu ni kipimo kikubwa mno.

Ndege hana meno. Chakula chake hulainishwa na asidi kali ya tumbo, kisha husagwa ndani ya firigisi kwa msaada wa kokoto ambazo ndege amezimeza makusudi. Kokoto hizo hukaa humo muda mrefu. Sasa, firigisi haitofautishi kokoto na kipande cha waya. Kuku akidonoa kipande kinachong'aa akidhani ni punje, kitanaswa humo, kitasagwa mchana na usiku, na asidi itaendelea kulamba zinki kidogo kidogo na kuiingiza katika damu. Kongosho huharibika, hata ini na figo, na damu yenyewe hupungua. Kuku hukonda huku anakula, miguu hulegea, kinyesi hugeuka kijani. Bila shaka kideri nacho huleta kinyesi cha kijani na kupooza, na ndicho kinachoua kuku wengi zaidi hapa kwetu, kwa hivyo asije mtu akalaumu waya kabla ya kumwita daktari wa mifugo.

Ukitaka kuona jinsi zinki inavyofanya kazi tumboni, watazame Wamarekani na sarafu zao. Senti moja yao iliyotengenezwa tangu mwishoni mwa mwaka 1982 ni zinki tupu iliyofunikwa shaba nyembamba. Madaktari wa mifugo huko wamezitoa katika matumbo ya mbwa na bata waliozimeza, zikiwa zimelikalika kingo kama jani lililoliwa na mdudu.

Ndege hawafanani katika jambo hili. Kuku hapandi ukutani kutafuna waya. Hatari yake kubwa iko chini, katika vipande ulivyovikata na kuviacha mchangani. Bata ni mlafi zaidi na humeza chochote kinachong'aa. Njiwa yuko katikati. Kasuku ndiye mwenye matatizo, kwa maana yeye hutembea kwa mdomo. Siku nzima huuma waya, huulamba, huukwangua. Kwa jamii ya kasuku na wale ndege wadogo wenye mdomo wa kupinda wanaouzwa madukani, waya uliopakwa zinki haufai kabisa. Wao wanataka chuma kisichoshika kutu, aina ile ya sufuria na vijiko vizuri, na bei yake ni ya kuumiza. Nikumbushe pia kwamba kasuku wa kijivu hafugwi bila kibali cha KWS. Anayekuuzia mmoja kichochoroni anakuuzia kesi.

JINSI YA KUUCHAGUA

Dukani utaonyeshwa aina tatu au nne. Kuna ule wa matundu ya pembe sita uliosokotwa, ambao kila mtu anauita waya wa kuku. Kuna wa matundu ya mraba uliochomelewa kila panapokutana nyaya mbili. Kuna ule wa matundu madogo wa kukaushia kahawa, ambao watu wengi huutumia madirishani mwa mabanda ya kuku. Na kuna nyavu za plastiki.

Kwa huu wa mraba, inama uangalie viungo vyake kabla ya kufungua mkoba. Kama kila kiungo kimefunikwa na zinki ile ile, laini, kana kwamba kimemwagiwa nta, basi wavu ulichomelewa kwanza ndipo ukazamishwa. Huo hudumu. Kama viungo vina alama nyeusi au vimeanza kuwa na wekundu, basi nyaya zilipakwa zinki kwanza halafu zikachomelewa, na moto umelichoma koti mahali pale pale ambapo maji hutuama. Msimu mmoja wa mvua za masika utaona kutu.

Lakini wavu huo mzuri una kasoro yake, nayo ndiyo wauzaji hawaitaji. Ukizamishwa, zinki hudondoka na kuganda mithili ya machozi ya mshumaa, na baadhi ya machozi hayo yameshika kwa ukucha tu. Pitisha kiganja, ukiwa umevaa glavu, na utayasikia. Yang'oe yote kwa burashi ya waya nje ya uwanja ambao kuku watakaa.

Halafu tazama kama kuna unga mweupe. Wavu uliorundikwa stoo yenye unyevu, au ulionyeshewa ukiwa bado umekunjwa, hutoa unga kama chokaa. Hiyo ni zinki iliyokwisha kuoza, na inalambika kwa urahisi kuliko koti lenyewe. Roli lenye unga mwingi liache dukani. Lenye kidogo lisugue kwa siki na burashi, lisuuze kwa maji mengi, uliache nje juani na mvuani mwezi mmoja au miwili kabla ya kuwaingiza ndege. Koti likizeeka kidogo huwa la rangi ya kijivu iliyofifia na halitoki ovyo. Ninajua hakuna anayependa kungoja miezi miwili wakati vifaranga vimekwisha kuagizwa. Hata hivyo, sugua.

Tahadhari moja tu kuhusu siki: usiichanganye na Jik. Wapo wanaodhani dawa mbili zikiungana zina nguvu zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na nimewahi kumpokea mama aliyeivuta akisafisha choo, akifika kliniki hawezi kumaliza sentensi kwa kikohozi.

Unene wa waya huhesabiwa kwa geji, na hapa wengi hudanganyika kwa sababu namba ikipanda waya hupungua. Geji 16 ni mnene kuliko geji 20. Ule wa pembe sita mwembamba utamzuia kuku asitoke, lakini mbwa mwenye njaa ataupasua usiku mmoja.

Nyavu za plastiki zinafaa juu, kumzuia mwewe. Chini hazifai, panya huzitafuna kama muhindi, na nyuzi zilizokatika hujifunga vidole vya vifaranga mpaka vikafa ganzi. Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme neno kuhusu vyandarua. Nimeona kwa macho yangu chandarua cha dawa kilichotolewa kliniki kimezungushiwa vifaranga, na mtoto wa nyumba hiyo hiyo amelazwa kwa malaria aliyotoka nayo kwa nyanya yake Busia. Chandarua kile kilikuwa chake.

HOMA YA FUNDI

Sasa tumrudie fundi wetu aliyetetemeka usiku. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ugonjwa wake niliuona mara nyingi katika kliniki kabla sijautambua.

Zinki huchemka kwa joto la nyuzi 907, ilhali moto wa kuchomelea chuma huzidi hapo kwa mbali. Fundi akigusa waya uliopakwa zinki, koti hugeuka moshi mweupe mzito. Chembe za moshi huo ni ndogo mno, huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Fundi huwa hajisikii vibaya wakati ule. Humaliza kazi, hulipwa, hupanda matatu na kwenda zake. Baada ya saa nne hadi kumi hivi huanza kusikia kiu, mdomo una ladha ya sarafu, kifua kinabana, kichwa kinagonga, kisha homa na baridi na kutetemeka kama mtu wa malaria hasa. Kesho yake au kesho kutwa yote yameondoka. Huitwa homa ya mafusho ya madini.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, kijana wa kutengeneza madirisha na vizimba, aliyekuja kwangu karibu kila Jumanne asubuhi. Kila mara alisema malaria imerudi. Kila mara damu ilipimwa na kila mara hakukuwa na kitu. Tulimbadilishia dawa bure. Siku moja ndipo nilipomuuliza jambo ambalo ningemuuliza siku ya kwanza: Jumatatu huwa unafanya kazi gani? Akanijibu kwamba Jumatatu ndiyo siku ya kuchomelea nyavu mpya. Mwili huzoea mafusho hayo kwa siku kadhaa, ndiyo maana katikati ya wiki alikuwa mzima; ukipumzika Jumamosi na Jumapili husahau, na Jumatatu inayofuata huanza upya. Katika vitabu vyetu vya udaktari maradhi haya yamepewa hata jina la homa ya Jumatatu, lakini kitabu kilikuwa rafuni na mimi nilikuwa na foleni ya wagonjwa.

Hilo halimaanishi kwamba fundi mwenye homa asipimwe malaria. Nairobi yenyewe iko juu na maambukizi yake ni haba, lakini fundi aliyetoka likizo Siaya au Kilifi anaweza kuwa nayo kweli. Apimwe kwanza, dawa zifuate majibu. Na amwambie daktari kazi yake.

Mafundi wengi hunywa maziwa kabla ya kuchomelea wakiamini yatasafisha sumu. Maziwa ni chakula kizuri, nami sina ugomvi nayo, ila huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Barakoa ya kitambaa nayo haizuii chembe ndogo kiasi hicho. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kwa tupa mahali patakapochomelewa, kufanya kazi nje, upepo ukitoka ubavuni ili upeleke moshi mbali na uso, na watoto kuondolewa hapo. Kikohozi na kubanwa pumzi kukipita siku mbili, au kukizidi badala ya kupungua, aende hospitali upesi. Vyuma vingine kama vile skrubu na bolti za zamani zilizopakwa kadimiamu hutoa moshi ambao dalili zake huanza vivyo hivyo, lakini huo waweza kuua.

Kwa mtu anayejijengea kizimba nyumbani, ushauri wangu ni mfupi: achana na kuchomelea. Tumia fremu ya mbao, piga wavu kwa misumari ya mkunjo, na ncha zote zikunjiwe ndani ya mbao. Hakuna moshi, wala hakuna fundi wa kumlipa.

NCHA NA VIPANDE

Ncha hizo ndizo zilizomdhuru mtoto. Watu husema kutu huleta pepopunda, na kwa hiyo waya mpya hauna neno. La hasha. Vijidudu vya pepopunda hukaa ardhini na katika kinyesi cha wanyama, ndege wakiwemo. Waya mpya uliogusa samadi ya kuku huvipeleka ndani ya kiganja sawasawa na msumari wa zamani. Tena kidonda chembamba na kirefu cha kuchomwa ndicho kibaya zaidi, kwa sababu vijidudu hivi hupenda mahali pasipo na hewa.

Kidonda cha namna hiyo kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kadhaa, si kudondoshewa spiriti na kufungwa. Kisipakwe majivu, mafuta ya taa wala kahawa. Kisha kitafutwe kijitabu cha kliniki. Mtoto aliyemaliza chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 amekwisha kupata kinga ya pepopunda, ingawa huisha nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Kwa kidonda kichafu, kama miaka mitano imepita tangu sindano ya mwisho, inafaa apewe nyingine. Binti wa Umoja alikuwa amepita hapo, nami nilimwomba baba yake ampeleke siku hiyo hiyo aliyosoma jibu langu la kwanza. Baba mwenyewe nilimuuliza alichanjwa lini. Hakukumbuka. Wanaume wengi hawakumbuki, maana wake zao huchanjwa wakiwa wajawazito na wao hakuna anayewauliza. Pepopunda aghalabu huanza kati ya siku ya tatu na ya ishirini na moja, kwa taya kukaza, na hata katika hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi bado huua.

Vipande vya ardhini viokotwe siku ile ile, kabla kuku hawajaingia. Macho hayatoshi. Tafuta spika ya redio iliyokufa, toa sumaku yake, ifunge kamba na uiburute taratibu mchangani, kizimba kizima na nje yake hatua mbili tatu. Rafiki yangu wa mifugo ndiye aliyenifundisha hili, na nilipojaribu kwangu nilipata gao zima la vipande ambavyo ningeapa havikuwepo. Sumaku hushika chuma cha ndani hata kama kimepakwa zinki. Haishiki machozi ya zinki tupu, ndiyo maana nilisema yang'olewe mbali na hapo.

MATUNDU NA PANYA

Wafugaji hupima matundu kwa ukubwa wa kuku. Mimi ningependa wayapime kwa panya. Panya mkubwa hupita penye tundu linalozidi kidogo nusu inchi, na yule mdogo wa nyumbani hupita hata penye robo inchi na ushei. Akiingia, hula chakula cha kuku na kukikojolea. Mkojo wake hubeba leptospirosi, ugonjwa unaoanza kwa homa na maumivu ya misuli ya miguu na kuishia kwa figo, na kinyesi chake hueneza salmonela kwa kuku na kwa mayai yao. Kizimba kilicho hatua tatu kutoka jikoni chenye matundu ya inchi mbili ni mkahawa wa panya, nao wakishiba kule hulala kwako.

Kwa hivyo sehemu ya chini, kimo cha goti hivi, iwekwe wavu wa nusu inchi au ule wa kahawa, na juu yake inchi moja yatosha. Wavu ushuke ardhini futi moja, au ulazwe nje ya ukuta kama sketi na kufunikwa udongo. Paka na nguchiro nao hawahitaji kuingia. Wakipata tundu kubwa huingiza mkono na kumvuta kifaranga kipande kwa kipande.

Matundu yanapitisha pia vumbi. Kwenye roshani za ghorofa hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa wenye njiwa. Kinyesi cha njiwa kilichokauka huweza kuwa na kuvu liitwalo kriptokokasi, ambalo mtu mwenye afya hulivuta bila habari, lakini kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na virusi vya ukimwi na hajaanza au ameacha dawa, huleta homa mbaya ya uti wa mgongo. Mtu huyo asifagie kizimba. Anayefagia na anyunyize maji kwanza, na kizimba kisitazamane na dirisha la jikoni au la chumba cha kulala.

RANGI YA ZAMANI

Limebaki jambo ambalo mwenye barua hakuliuliza. Katika picha aliyoambatisha, upande mmoja wa kizimba umezibwa kwa dirisha la chuma la zamani, rangi ya kijani ikibambuka. Mimi mwenyewe nilipojenga banda nyumbani kwangu nilikuwa nimekwisha kubeba madirisha mawili kama hayo kutoka kwa muuza vyuma kuukuu, tena nikijipongeza kwa kubana pesa, kabla akili haijanirudia.

Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na kudumu. Ikibambuka, kuku hudonoa vigaga, na vingine huingia mchangani. Risasi haifanani na zinki. Mwili hauna kazi nayo hata chembe, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Huenda kwenye mifupa ya kuku na ndani ya yai lake, na kuku aweza kuonekana mzima kabisa. Huko New York watafiti walipima mayai ya kuku waliofugwa katika bustani za mjini wakakuta risasi katika baadhi yake. Mtoto mdogo huichukua mwilini mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, nayo humpunguzia damu na kumharibia ubongo polepole, mwalimu akidhani ni mzembe. Tunaijua sumu hii hapa Kenya. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014, na ilibidi wangoje hadi Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu iliporejesha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3.

Basi vyuma vyenye rangi inayobambuka, mbao za zamani zilizopakwa, na chochote kilichowahi kukaa na betri za gari, visikaribie kizimba. Wala visikwanguliwe kwa msasa vikiwa vikavu, kwani hapo vumbi lote unalivuta wewe.

MAYAI

Kwa hivyo, bwana wa Umoja, usibomoe. Toa lile dirisha, ondoa udongo wa juu uliokuwa chini yake kina cha vidole vinne, buruta sumaku, kunja ncha, ongeza wavu wa nusu inchi chini. Waya wenyewe, ukisuguliwa, utakufaa miaka mingi kwa kuku.

Zinki haikuzuii kula mayai. Kuku aliyejaa zinki huacha kutaga, hivi kwamba wafugaji wakubwa katika nchi nyingine wamewahi kuitumia makusudi kuwasimamisha kuku wasitage kwa muda. Mayai ya wale saba wanaoonekana wazima yasingenitia wasiwasi kwa sababu ya waya. Ni dirisha linalonitia wasiwasi. Mpaka ujue rangi ile ni ya nini, watoto wasile mayai hayo, na binti yako apimwe kiwango cha risasi katika damu. Daktari wako atajua maabara inayokipima, maana si kila maabara hukipima. Wale wanne wagonjwa wasichinjwe kwa kuliwa.

Na ukija kumchinja mmoja wa wazima, ipasue firigisi wewe mwenyewe. Kwetu Magharibi firigisi ni haki ya mwenye nyumba, hailiwi na mwingine, nami sitaki kuivunja mila. Ila ifungue mbele ya dirisha lenye mwanga, umwage kokoto kwenye sahani nyeupe, uzipitishe sumaku, kisha ndipo umpe mama aitie chunguni.